Utomvu kwenye Mkanda

Kabla hawajafunga jeneza la baba niliinama nikahesabu vidole vyake. Vilikuwa vitatu, vyote vya mkono wa kushoto. Shangazi alidhani naubusu mkono, akanishika bega akanivuta taratibu. "Basi, mwanangu, basi. Muache apumzike." Sikuwa naubusu. Nilikuwa nahesabu tu, kama nilivyohesabu jioni nyingi za utoto wangu.

Wiki moja baadaye mama aliniletea kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu ukingoni. "Alisema hili ni lako," aliniambia. "Mimi sijui la nini. Limeganda." Niliubandua mfuniko kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na utomvu wa msonobari, mgumu, wa rangi ya asali iliyokaa sana, na juu yake mifereji minne iliyochimbwa na vidole. Ilikuwa mifereji ya mkono wa kulia, mkono uliotangulia kuzikwa miaka mingi kabla ya mwenyewe. Kisha harufu ikapanda. Kama ulikulia Mafinga huhitaji kuelezwa harufu hiyo. Ilikuwa kwenye masweta yetu ya shule, kwenye maji ya kuoga, kwenye maandazi, hata kwenye nywele za walimu. Lakini kwangu ina jambo moja zaidi. Ndiyo harufu ya kitu nilichokijua nikakinyamazia.

Baba alikuwa mpasua mbao kwenye dingdong. Ndivyo tulivyoziita zile mashine ndogo zilizotapakaa pembezoni mwa msitu: injini ya dizeli imesimama upande mmoja, msumeno wa duara mkubwa kama sinia la harusi upande wa pili, na katikati yao mkanda mrefu mpana unaokimbia kutoka puli hadi puli, ukibeba nguvu ya injini mpaka kwenye meno. Hakukuwa na kizuizi wala breki. Ukitaka msumeno usimame, mtu akimbie akazime injini, kisha msubiri meno yachoke yenyewe. Baba alikuwa ameshapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto kabla sijazaliwa, kile kidogo na cha pete. Vilibaki vinane.

Kila jioni alipoingia nilimpokea kofia, nikamletea maji ya kunawa, na akinyoosha mikono juu ya beseni nilikuwa nahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, mpaka nane. Ikifika nane, siku imekwisha salama, naweza kula. Sikumwambia mtu. Niliamini kwamba nikisahau siku moja tu, ndiyo siku itakayopungua.

Asubuhi nilipitia mashineni kumpelekea chupa ya chai, kwa kuwa palikuwa njiani kwenda shule. Hapo ndipo nilipomwona akifanya jambo ambalo lilinikaa sana moyoni. Ukungu ukiwa bado umelala juu ya magogo, wenzake wakiota moto wa mabanzi, yeye alivua kofia, akafungua kopo, akachovya vidole vinne vya mkono wa kulia, kisha akatembea taratibu kandokando ya mkanda akiupaka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Hakumsemesha mtu, na hakuna aliyemsemesha. Akimaliza, anavaa kofia, ndipo anapaza sauti, "Washa!"

Nilikuwa nimemwona padri akipaka watu mafuta kwenye paji la uso. Nilikuwa nimemwona mama akimpaka mafuta mdogo wangu alipokuwa mchanga, huku akimnong'oneza maneno. Basi nikajua, kwa ile hakika ya mtoto isiyouliza, kwamba baba alikuwa anausalia mkanda. Na nyumbani kwetu mtu akisali hakatizwi, wala haulizwi amesali nini.

Shuleni nilikuwa kidato cha kwanza. Ninyi wa rika langu mtakumbuka tulivyosoma fizikia: kaunta buku, kalamu mbili, na Kiingereza tulichokinakili ubaoni kama watu wanaochora maua. Niliweza kuandika maana ya puli bila kukosea nukta. Nyuma ya darasa letu kulikuwa na karakana iliyofungwa kwa kufuli, na ndani yake, ukichungulia, viti vibovu.

Kisha akaja Mwalimu Tumaini, kijana mwembamba aliyevaa ovaroli mahali ambapo wenzake walivaa tai. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akauliza, "Nani anaijua puli?" Mikono yote ikapanda. "Nani amewahi kuishika?" Mikono yote ikashuka. "Kumbe," akasema, "mnaijua puli kama mnavyomjua rais." Tulicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza.

Alivunja lile kufuli mbele ya mkuu wa shule, akatoa viti, akatuambia kuna shindano. Shule za Nyanda za Juu zitakutana Iringa, na zitakazofaulu zitakwenda Mbeya. Kila timu ilete kifaa ilichokitengeneza kwa mikono yake, kinachotatua tatizo la nyumbani kwao. "Si tatizo la kwenye kitabu," alisema. "Tatizo ambalo mama yako analilalamikia wakati wa kula."

Sijawahi kuona watoto wakibadilika vile. Wale waliokuwa wanatoroka vipindi walibaki shule hadi jua linazama, wakigombania msasa. Nilijua kwa mara ya kwanza kwa nini puli kubwa huikimbiza ndogo, na sikuijua kwa kanuni. Niliijua kwa kiganja changu, kilipoungua kwa kamba. Tulikuwa tunataka kushinda, na kwa kutaka kushinda tukajikuta tunataka kujua. Mpaka leo sina ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wangu ni na kitu kingine.

Nilipangwa na Zuhura, binti wa muuza spea za baiskeli na pikipiki karibu na stendi. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini alijua jina la kila nati.

"Haya, Mhehe," aliniambia, "kwenu mnalalamikia nini wakati wa kula?"

"Hatulalamiki. Mimi nahesabu vidole vya baba."

Alinitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii, akavuta kigoda karibu. "Basi tutengeneze kitu vidole visipungue."

Ndivyo Teke lilivyozaliwa. Lilikuwa ubao mrefu uliolala karibu na mguu wa mpasuaji. Ukiupiga teke, ncha ya pili inausukuma mkanda pembeni, mkanda unachomoka kwenye puli, na hapohapo kipande kizito cha mti kinaangukia mhimili wa msumeno na kuukaba. Hakuna kukimbilia injini. Tulitengeneza mfano wake kwa gurudumu la baiskeli, mkanda wa cherehani, na msumeno wa mfuniko wa bati tuliouchonga meno kwa tupa.

Mwalimu alilipenda, lakini alituambia jambo moja zaidi ya mara kumi. "Nendeni mashineni. Gusa kila kitu. Usichokielewa, uliza. Mashine haina kitu cha bure."

Tulikwenda Jumamosi moja, injini ikiwa imezimwa ili msumeno unolewe. Tulipima urefu kwa kamba, tukaandika, tukapanda juu ya gogo, tukashuka. Baba alikuwa ameitwa na tajiri wake upande wa pili, kwenye rundo la mbao. Zuhura akaweka kiganja juu ya mkanda, akakibandua, kikatoa sauti kama plasta inayong'olewa.

"Hii nyeusi inayonata ni nini?"

"Achana nayo."

"Naachanaje nayo? Mwalimu kasema tuulize kila kitu."

"Ni mambo ya baba."

"Mambo gani? Uganga?"

"Zuhura! Ni sala," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ndivyo anavyosali kabla ya kazi. Usimuulize, tafadhali."

Zuhura alikuwa mtoto wa nyumba inayosali mara tano kwa siku. Uso wake ulibadilika, akaufuta mkono kwenye sketi, akasema, "Samahani, sikujua," na hakuuliza tena. Kwenye mchoro wetu tuliuchora mkanda mweupe, msafi, wenye mistari miwili iliyonyooka kwa rula.

Iringa tulipita kwa urahisi. Mbeya tulifika na baridi, mikono imekufa ganzi, tukawekwa kwenye ukumbi wa chuo uliojaa mashine za ajabu za watoto wenzetu: pampu, viota vya kuangulia vifaranga, jiko la maranda lililokuwa linatoa moshi kuliko moto. Zuhura alikuwa amejaza karoti kwenye glovu kuukuu. Majaji walipofika mezani petu nilizungusha gurudumu, yeye akaisogeza glovu kwenye meno ya bati huku akipiga kelele, "Baba anateleza! Baba anakwenda!" Nikapiga teke. Mkanda ukaruka, msumeno ukasimama, karoti zikatoka nzima zote. Watu walipiga makofi.

Jaji mmoja hakupiga. Alikuwa mama wa makamo, mhandisi, miwani imeshuka puani. Alikuwa anaugusa mkanda wetu wa cherehani kwa kidole kimoja.

"Na ule wa kweli," aliuliza, "uko hivihivi? Mkavu, unateleza hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Umeushika mwenyewe?"

"Nimeushika."

Nilikuwa nimeushika kweli. Nilikuwa nimekwenda nyumbani na weusi wake vidoleni nikauosha kwa mafuta ya taa. Lakini mbele yangu kulikuwa na kombe linalong'aa juu ya meza ndefu, na tulikuwa tumefanya mazoezi ya kujibu haraka bila kusita, kwa sababu kusita kunakata alama. Na ningemwambiaje mtu nisiyemjua kwamba baba yangu anausalia mkanda? Angecheka. Nilimwangalia machoni nikasema mara ya pili, "Mkavu, mama." Akaandika.

Tulishinda. Nimelishika lile kombe usiku mmoja tu maishani, kwenye basi la kurudi, na nilikuwa nalala nalo kama mtoto.

Tajiri mwenyewe alikuja shuleni kuliona Teke. Baada ya siku chache fundi wa kuchomelea na Mwalimu Tumaini walilijenga kubwa, la chuma, wakalifunga pale mashineni kwa vipimo vyetu. Siku hiyohiyo tajiri alileta na mkanda mpya, akisema kitu kipya kisifungwe na uchakavu. Injini ikawashwa, gogo likasogezwa. Baba akapiga teke. Mkanda mpya, mkavu, ukaruka kama tulivyouchora, na msumeno mkubwa ukakabwa ukanyamaza. Wanaume wazima walirusha kofia. Baba alinibeba mbele yao wote, mimi msichana wa kidato cha kwanza, miguu inaning'inia. "Breki ya bibi yangu hii!" Aliniita bibi, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Sasa nataka kuwaambia kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Zamani, kibanzi kikikwama karibu na meno, baba alikitoa kwa fimbo ndefu, akiwa mbali, uso umegeuka. Alikuwa anauogopa ule msumeno, na woga ule ndio uliomlindia vile vinane. Baada ya Teke alianza kukitoa kwa mkono. Nilimwona asubuhi moja: mguu juu ya ubao wetu, mkono wa kulia ndani, meno yanazunguka, na kwenye uso wake utulivu ambao sikuwahi kuuona. Nilisimama na chupa ya chai mkononi nikajisikia fahari. Fahari tupu. Nilijiambia, baba haogopi tena, na mimi ndiye niliyemwondolea woga.

Kitu kimoja tu kilinisumbua siku zile. Baba alikuwa ameacha kuupaka mkanda. Niliwaza, amepata Teke akamsahau Mungu.

Kisha mvua zikaanza. Mnazijua mvua za kwetu, zinashuka na ukungu na baridi, na kila kitu kinaloa bila kunyeshewa. Mkanda mpya ukalegea, ukawa unateleza kwenye puli, msumeno unakwama katikati ya gogo. Asubuhi moja nilipofika nikamkuta baba amevua kofia. Kopo limefunguliwa. Anatembea taratibu kandokando ya mkanda, anaupaka mara ya kwanza, anarudi, anaupaka mara ya pili, utomvu mzito unang'aa, midomo inacheza. Mimi nilifurahi. Nisameheni, nilifurahi sana. Niliwaza, sasa analindwa pande zote mbili.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye kipindi cha Mwalimu Tumaini. Mashine ilikuwa bondeni, chini ya shule, na sisi watoto wa pale tulisoma ndani ya mlio wake kama watoto wa mtoni wanavyosoma ndani ya sauti ya maji. Msumeno ukiwa kwenye mbao unaimba mnene. Ukitoka unaimba mwembamba. Mlio mwembamba ukaja, ukarefuka, ukazidi kurefuka, hakuna mbao iliyofuata. Mwalimu akaacha kuandika. Kisha injini ikazimwa ghafla, na mji mzima ukawa kimya mpaka nikasikia mvua kwenye bati. Zuhura aliushika mkono wangu chini ya dawati kabla mtu yeyote hajaja kutuita.

Hospitali walinizuia mlangoni, kisha baba akasema niachwe niingie. Alikuwa wa rangi ya majivu. Upande wa kulia shuka lilikuwa limefunikwa vizuri mno, bapa mno. Alikuwa anatafuta macho yangu, na alipoyapata akaanza kusema haraka, kama mtu anayejitetea kwa mkubwa wake.

"Nilipiga teke, bibi. Nilipiga. Mara mbili nilipiga. Usije ukadhani sikupiga."

Hilo ndilo lililokuwa linamuumiza, kwamba nitadhani alikisahau kifaa changu. Nilitaka anipige makofi. Nilitaka mtu yeyote pale wodini ainuke anipige. Mama alikuwa anatandika kanga sakafuni, muuguzi alikuwa anaandika, na wote walinitazama kwa huruma, mimi niliyewaambia majaji kwamba mkanda ni mkavu.

Jioni ile Mwalimu Tumaini alishuka mashineni, na sisi tukamfuata. Teke lilikuwa limekunjika. Mkanda ulikuwa palepale juu ya puli, haukusogea hata unene wa kidole. Mwalimu aliweka kiganja juu yake, akavuta, kikatoa ile sauti ya plasta. Akanusa.

"Utomvu," alisema. "Wanapaka utomvu ili mkanda ushike puli wakati wa mvua, usiteleze." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma barua yenye msiba. "Na sisi tumetengeneza kitu kinachohitaji uteleze." Akageuka. "Nani kati yenu alijua kuna utomvu?"

Mvua ilikuwa inanyesha kidogo. Niliificha mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Sisi sote, mwalimu," alisema Zuhura. Hakunitazama.

Mwalimu alikaa kwenye gogo lililoloa akashika kichwa. "Niliwaambia ninyi mguse kila kitu," alisema. "Mimi mwenyewe nikaangalia mchoro. Nilipima, nikachomelea, nikatazama mkanda mpya wa siku moja, nikawahi kupiga makofi." Kesho yake aliligeuza kombe kwenye kabati, likawa linaangalia ukuta.

Miezi iliyofuata ni giza, ingawa naikumbuka yote. Mama alianza kwenda msituni kukusanya mabanzi ya kuuza kuni, akawa anarudi na mgongo uliopinda. Baba aliletewa kigoda mlangoni, na kila asubuhi alikigeuza ili asiitazame barabara ya mashineni, lakini mlio ulipoanza bega lake la kulia lilikuwa linashtuka, kana kwamba mkono umeitwa kazini. Nilijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilijifunga wa kulia kwa kanga nyuma ya mgongo nikiwa peke yangu, nikachota maji hivyo, nikafagia hivyo, nikaanguka. Jioni sikumpelekea tena beseni. Mdogo wangu ndiye aliyempelekea. Nilikuwa nimeacha kuhesabu, na nilikuwa namkwepa baba kwenye nyumba yenye vyumba viwili.

Yeye ndiye aliyeniita. Ilikuwa Jumapili mchana, mama ameenda jumuiya. "Bibi, njoo hapa. Umenichukia?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba Zuhura aliuliza na mimi nikamnyamazisha. Kwamba yule mama mhandisi aliuliza mara mbili na mimi nikamdanganya mara mbili, kwa ajili ya kombe. Kwamba nilimwona siku ya mvua akiupaka mkanda na nikafurahi. "Nilijua, baba. Nilikuona ukiupaka kila siku. Nilidhani unasali."

Kuku wa jirani alipita katikati yetu.

"Ulidhani nasali?"

"Ulikuwa unavua kofia. Midomo ilikuwa inacheza."

"Ilikuwa inacheza kweli." Aliuangalia mkono wake wa kushoto kana kwamba ndio unaoongea. "Ule ulikuwa utomvu tu, mwanangu. Hata mimi ninayeupaka sikufikiri. Nimeupaka miaka yote ili mkanda usitoke, kisha nikaweka mguu kwenye kitu cha kuutoa, na sikufikiri. Lakini hukukosea sana. Nilikuwa nasali pia."

"Ulikuwa unaomba nini?"

"Nirudi na vinane." Akavuta pumzi. "Unadhani sikuwa naona macho yako pale kwenye beseni?"

Nilikaa chini vumbini. Nililia mpaka nikatapika, na yeye hakuninyamazisha. Nilipomaliza akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza chumvi, "Lipo kopo langu juu ya kabati. Kamwonyeshe yule mwalimu wako, kisha ulirudishe. Mwambie aanze upya, na safari hii aanze na utomvu."

Mwalimu hakutaka. Alikuwa ameapa hatapeleka mtoto tena kwenye mashindano. Baba alikwenda karakana mwenyewe, mkono wa sweta umefungwa fundo, akaweka kipande cha mkanda mchafu mezani katikati ya madaftari. "Mwalimu, kamwene," alimsalimu. "Mkanda huu hauchomoki. Usiulazimishe. Nifikirie mimi nakaaje pale, kisha unifikirie mkanda." Akakaa nasi kila jioni. Kwa vidole vitatu hakuweza kushika zana, basi alitufanya sisi tuwe mikono yake. "Zuhura, kaza. Si hivyo, unakaza kama unakanda chapati. Bibi, legeza hapo." Ni yeye aliyeona kwamba injini ndiyo isogee: ikae juu ya ubao wenye bawaba, ukipiga teke ubao uinamie msumeno, mkanda ulegee wote kwa pamoja, unate au usinate.

Tulirudi Mbeya mwaka uliofuata na mfano mzito, mchafu, unaonuka. Hatukuwa na glovu wala karoti. Tuliupaka mkanda utomvu halisi mbele ya majaji na ukamwagika kwenye kitambaa chao cheupe. Majaji walikuwa wanasimama mbali. Nilijibu maswali nikisitasita, kwa sababu kila swali nilikuwa nalifikiria. Yule mama wa miwani alinikumbuka. Alinyoosha kidole akaugusa mkanda, kikanata, akakibandua, akakitazama kile cheusi.

"Mwaka jana ulikuwa mkavu," alisema.

"Nilikudanganya, mama. Baba yangu ndiye yule pale."

Aligeuka akamwona, amesimama ukutani katikati ya wazazi, na ule mkono wa sweta wenye fundo. Alipomaliza kuandika hakukifuta kile kidole.

Hatukupata kitu. Kombe lilikwenda kwa watoto wengine, na nilipiga makofi kwa mikono yangu miwili hadi viganja vikauma. Ile injini ya bawaba ilifungwa pale mashineni baadaye, na watu waliokuja baada ya baba wameikanyaga. Lakini haikuwa kwa ajili yao. Ilikuwa kwa ajili yake, na ilichelewa mwaka mmoja. Hakuna hesabu inayoweza kuupunguza mwaka ule.

Jioni tuliporudi nyumbani kutoka Mbeya, mdogo wangu aliinuka kuchukua beseni. Baba akamwambia, "Acha. Alete bibi." Nilileta maji. Niliyatua vibaya, yakamwagikia miguu yake. Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya beseni, akautandaza, akausubirisha pale.

"Hesabu," alisema.

Nilianza moyoni, kama zamani.

"Hesabu, bibi. Kwa sauti."

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyepokea taarifa njema kutoka mbali, kisha akauingiza mkono kwenye maji.

"Basi," alisema. "Leo vimerudi vyote."